Mizani ya Kitabu cha Kwanza

Mpe mtoto wa darasa la kwanza ukurasa wenye neno moja tu, na utadhani umemhurumia. Neno lenyewe likiwa "hawatatununulia", umemtwika silabi nane zilizoshikamana bila nafasi ya kuvuta pumzi. Mpe sasa ukurasa wenye maneno matano: "Paka na mama na kaka." Atamaliza, kisha ataulizia mwingine. Hesabu silabi za maneno hayo matano: nazo ni nane. Ngazi nyingi za vitabu vya watoto hupangwa kwa idadi ya maneno katika ukurasa, na kwa kipimo hicho ukurasa wa kwanza ndio mwepesi. Mtoto anayeusoma anajua sivyo.

Kuhesabu maneno kunafaa katika Kiingereza, kwa kuwa maneno yake mengi ya kila siku ni ya silabi moja. Mwandishi wa vitabu vya watoto Dr. Seuss alipotoa kitabu chake Green Eggs and Ham mwaka 1960, alitumia maneno 50 tu tofauti, na 49 kati ya hayo yana silabi moja. Kwa Kiswahili haiwezekani kuandika kitabu cha namna hiyo. Maneno yetu ya silabi moja ni machache, "na", "ni", "si", "wa", "ya" na wenzao, nayo peke yake hayasimulii lolote. Kwa hiyo kitabu kilichotungwa kwa kipimo hicho kisha kikafasiriwa hupoteza wepesi wake papo hapo, hata mfasiri awe hodari namna gani.

Kipimo chetu tunacho, na ni cha kale. Washairi wa Kiswahili hupima mshororo kwa mizani, yaani kwa silabi. Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, aliandika kwa vipande vya mizani nane. Ninapoweka kitabu cha mtoto mezani nakisoma kwa kipimo hicho hicho: mizani ngapi katika sentensi, mizani ngapi katika neno moja, na pumzi inakatwa wapi. Katika "hawatatununulia" mtoto anabeba ukanushi, watendaji, wakati ujao na watendewa, silabi nne nzima, kabla hajafika kwenye kununua kwenyewe. Habari iko katikati ya neno, na asiyeweza kushika mwanzo kichwani hafiki akiwa anajua anasoma nini.

Hata hivyo, idadi ya mizani haitoshi. "Hapo zamani za kale" nayo ni mizani nane, lakini mtoto aliyezoea kusimuliwa hadithi kwa Kiswahili husoma maneno mawili ya mwanzo na kuyamalizia yaliyobaki kwa sauti kubwa. Sikio limemtangulia jicho. Tena silabi zote hapo ni za umbo moja, konsonanti moja na irabu moja, ndizo zile anazozikariri darasani: ba, be, bi, bo, bu. Tanzania ilipoanza mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, mkazo uliwekwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu anapanda ngazi ya silabi polepole. Inasikitisha mtoto anaporudi nyumbani akakuta kitabu kisichojua kwamba ngazi hiyo ipo.

Angalia wanyama wanaopendwa na waandishi: mbwa, mbu, nzi, nge. Maneno ni mafupi na picha zake ni rahisi kuchora, kwa hiyo hujazwa kwenye kurasa za mwanzo. Lakini "mbu" ni m-bu, mizani mbili, kwa kuwa m inasimama peke yake. "Mbuzi" ni mbu-zi, na hapo m imejishika na b. Herufi tatu zile zile, mara ni silabi mbili, mara ni moja. Mshairi akikosea hapo mshororo wake unapungua au unazidi, na msikilizaji anamrekebisha. Mtoto akikosea hatajua ni kwa nini amekosea, maana kitabu kimemwekea kanuni mbili ndani ya ukurasa mmoja bila kumwambia. Mwandishi makini angemleta mbuzi kwanza, pamoja na mboga na mbegu na embe, akawaacha mbu na mbwa wasubiri hadi desturi moja imekaa. Sijali kama orodha ya wanyama itapungua.

Nikija kwenye marudio, hapa ndipo vitabu vingi vinapoanguka, na ndipo lugha yetu ina utajiri mkubwa. Kitabu cha Kiingereza hurudia neno moja, "big", mbele ya kila kitu, na mtoto analisoma mara kumi hadi limkae. Kifasiri, uone: mti mkubwa, jiwe kubwa, kikombe kikubwa, viatu vikubwa. Kila ukurasa neno limegeuka sura. Marudio yaliyokuwa msaada yamekuwa mtihani wa ngeli.

Sasa fuata njia ya lugha yenyewe. Nimeitunga hii ili kuonyesha: "Kikombe kikubwa. Kijiko kikubwa. Kikapu kikubwa. Kiatu kidogo!" Upatanisho wa kisarufi unafanya kazi ya vina, ila unaifanya kwenye kichwa cha neno. Kufikia kikapu, mtoto ameshajua kwamba linalofuata litaanza na "ki", na jicho lake linakuwa na nafasi ya kushughulikia mwisho. Ndipo "kidogo" inapomshtua. Kiambishi ni kile kile, ila mzizi umebadilika, na swali limezaliwa: kiatu cha nani hicho? Atafungua ukurasa unaofuata kwa hiari yake.

Kitenzi kinaweza kufanya vivyo hivyo. "Paka anaruka. Kuku anaruka. Panzi anaruka. Kobe haruki." Kiambishi kimebadilika mbele, na nyuma irabu moja tu imegeuka, a ikawa i. Kisa kizima kimesimama juu ya mageuzi hayo madogo, na mtoto aliyesoma kwa kubahatisha kutokana na sentensi zilizotangulia atasema "anaruka" kisha atarudi mwenyewe, maana kobe aliyechorwa ametulia chini. Huo ndio ufundi ninaoutafuta, sentensi ambayo hadithi yake haieleweki pasipo kusoma herufi ya mwisho. Kitabu ambacho picha yake inasema kila kitu kinamfundisha mtoto kutazama picha, na kutazama picha alishajua.

Kuhusu vistari vya kugawa silabi, a-na-ru-ka, navikubali kwa kurasa chache za mwanzo. Vikiendelea hadi mwisho wa kitabu, mtoto anazoea kusoma vipande na hasikii neno. Kibaya zaidi ni neno refu lililokatwa mwishoni mwa mstari, "wanaki" huku na "mbia" kule. Na vitabu vya A hadi Z vinavyohangaika kutafuta picha ya Q na X, herufi ambazo maandishi ya Kiswahili sanifu hayazihitaji, nisingempa mtoto anayeanza.

Mzazi, unapokuwa dukani au mbele ya meza ya muuza vitabu, usinunue kwa jalada. Fungua kurasa za katikati, soma mbili kwa sauti, polepole, ukipiga kidole kwa kila silabi. Neno likizidi mizani nne au tano katika kitabu cha kwanza, kiache kwa mwakani. Na nyinyi wachapishaji, andikeni nyuma ya kitabu ni silabi za aina gani mtoto atakutana nazo ndani. Mstari mmoja unatosha, nao utamsaidia mzazi kuliko umri mnaouandika hapo.