Mbele 4-2, Jabeur akaiacha slaisi

Fainali ya Wimbledon ya 2023 Ons Jabeur aliipoteza akiwa mbele 4-2 katika seti ya kwanza, pale alipoiacha slaisi na kuanza kupiga kwa nguvu. Yaliyofuata mliyaona: gemu nne mfululizo zikaenda, mbili kati ya hizo kwenye servisi yake mwenyewe. Seti ya pili akaongoza tena, 3-1, akarudia lilelile, na Markéta Vondroušová akafunga kazi 6-4, 6-4 kwa saa moja na dakika 20. Mpaka leo sijaukubali uamuzi ule. Na kwa kuwa watu wanauliza tena kama Mtunisia huyu anaweza kulichukua kombe la Wimbledon akirudi uwanjani, hakuna pa kuanzia isipokuwa pale.

Tuangalie kwanza alikuwa anacheza na nani. Vondroušová anatumia mkono wa kushoto, hana pigo la kutisha, na kazi yake ni kukurudishia mpira usio na uhai. Slaisi, mpira wa juu, slaisi tena, kisha anaudondosha nyuma ya wavu ukiwa mbali. Mchezaji wa aina hiyo hakupi kasi ya kuazima. Ukitaka kasi, uitengeneze mwenyewe, na kwenye nyasi kuitengeneza kasi kutoka kwenye mpira ulio chini ya goti ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kipa yeyote wa kandanda aliyewahi kudaka kwenye kiwanja cha kwetu Musienene baada ya mvua anajua mpira wa chini unavyofika: haurukii mikononi, unateleza na kupita. Slaisi kwenye nyasi hufanya hivyohivyo. Mzunguko wake ni wa kurudi nyuma, nyasi haziukamati, basi unapita chini chini, na anayeupokea lazima ainame na kuuinua juu ya wavu kabla hajafikiria kushambulia.

Hilo Jabeur analijua kuliko wachezaji wote wa kizazi chake. Ndiyo elimu yake. Ndiyo iliyompa kombe lake la kwanza la WTA, Birmingham 2021, kwenye nyasi, akiwa na miaka 26, na la Berlin mwaka uliofuata, pia kwenye nyasi. Na Vondroušová hakuwa mgeni kwake: mwaka huo wa 2023 Vondroušová alikuwa ameshamfunga mara mbili, Melbourne na Indian Wells. Kwa hiyo usiniambie hakujua alikuwa anakutana na nini.

Sasa mbele 4-2. Mpinzani ana wasiwasi, uwanja mzima uko upande wako, na unachotakiwa kufanya ni kumwachia yeye mzigo wa kuamua. Mpe mpira wa chini, katikati, usio na pembe. Mlazimishe apige kwa nguvu zake mwenyewe, kwa sababu nguvu hizo hana. Jabeur alifanya kinyume. Akaanza kutafuta mistari. Forihendi ambayo ilipaswa kuwa ya tatu au ya nne katika pointi ikawa ya kwanza. Makosa ya kujitakia yalifika 31 siku ile, katika mechi ya seti mbili tu! Hesabu hiyo inatosha kumpa mpinzani seti nzima bila yeye kutoa jasho. Watangazaji wakasema ni woga, na wengi mkakubali. Woga ulikuwepo, kwa wote wawili. Lakini mwenye woga anaweza kupiga slaisi salama katikati ya uwanja, na ndilo pigo rahisi kuliko yote aliyokuwa nayo. Alichagua lililo gumu.

Nadhani najua kwa nini. Njiani kuelekea fainali alikuwa amemtoa Rybakina katika robo fainali na Sabalenka katika nusu fainali. Kazi safi kabisa. Lakini wale wawili humpa mtu kasi, naye akazoea kuwajibu kwa kasi yao wenyewe. Alipofika mbele ya mtu asiye na kasi, hakubadili gia.

Na paa? Nimelilalamikia miaka mingi na nitaendelea. Jumamosi ile mvua haikuwa sababu. Walilifunga kwa ajili ya upepo. Upepo ni sehemu ya tenisi ya nyasi, na ungemsumbua zaidi anayepiga mipira mirefu ya juu. Chini ya paa hewa hutulia na mpira huenda unakoelekezwa. Vondroušová alipewa ukumbi. Hata nyasi zenyewe si zile za zamani: tangu 2001 Wimbledon wanapanda aina moja tu, raigrasi, na mpira unaruka juu zaidi kuliko enzi za Navratilova. Slaisi imepunguziwa makali, lakini bado ni silaha.

Kama hamniamini, rudini kwenye fainali ya wanaume ya 1975. Arthur Ashe, siku tano kabla ya kutimiza miaka 32, dhidi ya Jimmy Connors, bingwa mtetezi ambaye dunia nzima ilisema angemmaliza. Ashe huyo kwa asili alikuwa mpigaji wa nguvu. Siku ile akaziweka nguvu kando. Akamnyima Connors kasi: mipira laini ya chini kwenye forihendi, lobu juu ya kichwa, na servisi ya slaisi kutoka upande wa kulia wa uwanja, inayokwenda nje na kumvuta mtu wa mkono wa kushoto mpaka nje ya mstari upande wa bekihendi yake. 6-1, 6-1. Halafu Connors akaamka, akachukua seti ya tatu 7-5, na katika ya nne akatangulia 3-0.

Hapo ndipo ninapopapenda. Kila kitu kilimwambia Ashe arudi kwenye mchezo wake wa kawaida, afyatue. Hakufyatua. Aliendelea na mipira yake laini mpaka mwisho, 6-4. Yeye alikuwa nyuma 3-0 na akaushikilia mpango ambao haukuwa hata tabia yake. Jabeur alikuwa mbele 4-2 na akauacha mpango aliozaliwa nao. Kwa maneno mengine, Vondroušová alicheza kama Ashe, na Jabeur, ambaye Ashe angempenda kuliko wote, akacheza kama Connors.

Fainali ya 2022, aliyoipoteza pia, siitii kwenye lawama hii. Dhidi ya Rybakina alipata 0-40 katika seti ya tatu akiwa nyuma 3-2 na akaikosa, lakini mbele ya servisi ile wengi hukosa.   

Je, Jabeur anaweza? Mwezi wa saba 2025, baada ya kujitoa katika raundi ya kwanza ya Wimbledon dhidi ya Tomova, alitangaza kupumzika, na wengi wakafunga kitabu. Mimi sifungi. Jana Novotná alipoteza fainali mbili, moja akiwa mbele 4-1 katika seti ya tatu dhidi ya Graf, na bado akashinda mwaka 1998 akiwa na miaka 29. Evonne Goolagong, fundi wa slaisi kuliko wote niliowapenda, alishinda tena 1980 akiwa tayari mama. Nyasi huwangoja wenye mikono mizuri. Kwenye uwanja wa saruji sitamtegemea, kwa sababu magoti na mbio zitamsaliti. Kwenye nyasi pointi ni fupi, na mkono wake bado ni ule ule.

Ila kocha yeyote atakayemchukua amketishe mbele ya mkanda wa 2023, ausimamishe kwenye 4-2, kisha amwonyeshe servisi ya Ashe. Jabeur ni wa mkono wa kulia. Servisi ileile ya kwenda nje, kutoka upande uleule, ingemvuta Vondroušová nje upande wa bekihendi yake na kuuacha uwanja mzima wazi kwa slaisi moja ya chini.