Runyenjes kwa Baiskeli: Njoo Ujionee!

Rafiki yangu, vidole bado vinatetemeka! Hata saa moja haijaisha tangu nishuke kwenye baiskeli, matope mekundu yamenikaukia hadi kwenye nyusi, viatu vimelowa chepechepe, na wa kwanza kumwambia ni wewe: njoo Runyenjes. Njoo na baiskeli. Njoo upesi!

Najua unapajua. Umepita hapo mara ngapi kwa matatu ya Embu kwenda Meru, ukanunua ndizi dirishani, ukasinzia, ukazindukia Chuka? Basi hapo hapo unaposinzia ndipo pa kushukia! Ipe lami mgongo, elekeza gurudumu juu, upande wa mlima. Kitambo kidogo tu na honi zimezimika kabisa, kabisa. Unasikia mnyororo wako, unasikia maji bondeni, unasikia jogoo wa watu ng'ambo ya pili.

Mwanzo ni kahawa, mibuni mifupi, minene, kijani kibichi hadi macho yanapoa. Unapanda. Mapaja yanawaka, jasho linachuruzika, unapanda tena, migomba inapungua, upepo unageuka kibaridi kitamu kitamu... halafu ghafla, chai! Chai kulia, chai kushoto, chai mpaka ukingo wa macho, laini, nyororo, imesawazika kama imepigwa pasi, inameremeta umande. Nilishuka nikaipapasa kwa kiganja, kweli tena! Cucu mmoja, nyanya mwenye kikapu mgongoni, akaniita kando ya mtaro akanimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake. Moto, tamu, ina moshi wa kuni kwa mbali. "Kanyaga, mwanangu," akasema, "msitu uko karibu." Kunywa chai katikati ya chai, na ukungu unakupita miguuni! Sijawahi kunywa kikombe kama kile, sijawahi.

Na bado!

Juu ya mashamba ya watu kuna ukanda mwingine wa chai, wa Nyayo Tea Zones, ulioanzishwa miaka ya 1980 ili msitu usiendelee kumegwa. Ukiuvuka huo, wee, unauingia msitu wa Irangi na ngozi yote inakusisimka. Baridi kama umefungua friji. Giza la kijani, miti mikubwa yenye ndevu za kuvumwani, majani laini chini hata tairi halisikiki. Mbega wakaruka juu yangu, mikia mirefu myeupe ikielea kama shuka! Na kando ya njia, kinyesi cha tembo, kikubwa, kibichi, bado kinafuka mvuke! Moyo ulinidunda hadi masikioni. Kwa hiyo sikia: usiingie peke yako, pitia kituo cha Huduma ya Misitu upate wa kukuongoza. Wanaijua kila njia, na hadithi zao ni tamu ajabu.

Halafu kushuka. Oo, kushuka! Upepo unakutoa machozi, mikono inakufa ganzi, watoto wanakimbia nawe wakipiga mayowe ya "Baiskeli! Baiskeli!", kilima cha Kirimiri na msitu wake kinachomoza mbele yako, cheusi, kizito, kizuri mno. Nikafunga breki nikageuka nyuma, na mawingu yakafunguka. Batian, kilele cha mlima wenyewe! Mita 5,199 za mwamba na barafu, imesimama wazi kwa dakika mbili hivi, kisha pazia likafungwa. Sikuwa na la kusema. Nilisimama tu, mdomo wazi. (Chagua siku kavu, lakini. Mvua ikinyesha udongo ule ni sabuni tupu.)

Na bado, rafiki yangu, na bado! Ng'ambo ya mto Thuci, baada ya Chuka, kuna Chogoria, na kutoka Chogoria kuna njia ya gari inayopasua msitu wa mianzi hadi lango la hifadhi, na juu ya lango, zaidi ya mita 3,000, kuna ziwa. Ziwa Ellis! Dogo, tulivu, lenye samaki aina ya trauti, nyasi za mlimani pande zote. Sijayagusa maji yake bado, na usingizi hauji kwa kuliwaza. Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, nipo stendi ya Runyenjes. Beba glavu, beba sweta mbili, tyubu za akiba ninazo mimi.