Gati Zimegawanywa, Saa Anaishika Nani?

Kwa miaka mingi bandari ya Dar es Salaam ilirekebishwa kwa kuwafukuza wakubwa. Foleni ya meli ikirefuka nje, waziri anafika na waandishi wa habari, mkurugenzi anasimamishwa, bodi inavunjwa. Baada ya muda foleni inarudi palepale. Mabishano ya 2023 juu ya makubaliano ya bandari na Dubai nayo yalihusu zaidi nani anakuja kuliko kitu kinachoamua mwendo wa kontena: nani analipwa kwa lipi.

Chukua makontena mawili ya futi 20, moja la vigae, jingine la simu. Kreni inayainua kwa dakika zilezile. Lakini tozo ya gati kwa bidhaa zinazoingia nchini ilihesabiwa kwa thamani ya mzigo, asilimia 1.6, kwa hiyo Mamlaka ya Bandari (TPA) ilipata zaidi kwenye simu bila kufanya kazi zaidi. Kisha zikaja tozo za hifadhi. Siku za bure zikiisha, kila siku kontena linapolala yadini ni mapato ya mtu. Mwenye mzigo analia, mwenye yadi anaandika ankara. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba udhaifu wa bandari hii ulikuwa unaigharimu Tanzania dola bilioni 1.8 kwa mwaka, na nchi jirani dola milioni 830 nyingine. Ukiwa na hesabu za namna hiyo, kumbadilisha mkurugenzi ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Ubinafsishaji wa kwanza haukuwa mbaya ulipoanza. Mwaka 2000 kitengo cha makontena, gati 8 hadi 11, kilikodishwa kwa kampuni ya TICTS kwa miaka 10, na kasi ikapanda. Mwaka 2005 mkataba ukaongezwa miaka 15 ingawa ule wa kwanza ulikuwa haujafika mwisho. Hapo ndipo serikali ilipojifunga mikono. Shehena ilipofurika miaka michache baadaye, hakukuwa na mwendeshaji wa pili wa kulinganisha naye, na tarehe ya mwisho ilikuwa imesogezwa mbali. TICTS iliondoka Desemba 2022.

Sheria ya Bandari ya 2004 ilikuwa imeshaifanya TPA kuwa mwenye nyumba, mtu wa kumiliki na kukodisha. Hata hivyo TPA iliendelea kupakua shehena mchanganyiko yenyewe, ikawa mwenye nyumba na mpangaji kwa pamoja. Mdhibiti naye hakusalimika: TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya 2017, ilipewa kusimamia sekta na papo hapo kushika peke yake uwakala wa baadhi ya mizigo, kama madini na silaha. Refa mwenye jezi ya timu hawezi kuaminiwa, hata akiwa mwadilifu.

Makubaliano na Dubai yalitiwa saini Oktoba 2022 na Bunge likayaridhia tarehe 10 Juni 2023. Yalizua hasira ya haki, kwa kuwa hayakutaja muda na yaliacha mlango mwembamba sana wa kujitoa. Mikataba ya utekelezaji iliyosainiwa Dodoma tarehe 22 Oktoba 2023 ni nyaraka za aina nyingine. DP World, kampuni ya Dubai, ilipewa gati 4 hadi 7 kwa miaka 30, na utendaji wake kupimwa kila baada ya miaka mitano. Gati 0 hadi 3 zinatumika kwa pamoja na TPA. Gati 8 hadi 11 zilikwenda 2024 kwa kundi jingine, lenye Adani ya India na AD Ports ya Abu Dhabi. Kelele za wakosoaji, kwa maoni yangu, zilisaidia kuibana mikataba hiyo kuliko watetezi wake wanavyopenda kukiri.

Kugawa gati ndio ufundi wenyewe. Waendeshaji wawili wanapokea meli kwenye ukuta mmoja, ndani ya mlango mmoja wa bahari, kwa hiyo hakuna anayeweza kusingizia mlango au mawimbi. Kina nacho, kwa upande wa gati za DP World, kilikuwa kimeshashughulikiwa: mradi wa 2017, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliimarisha gati 1 hadi 7 na kuzichimba kufikia mita 14.5. Bila hilo hakuna mwekezaji ambaye angeleta kreni kubwa.

Lakini ushindani huo unaishia getini. Nje ya ukuta wote wanategemea forodha ileile, mawakala walewale na barabara zilezile zilizojaa malori ya Lubumbashi na Lusaka. Ndiyo maana bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, iliyounganishwa na reli, ina uzito zaidi kuliko kreni mpya zinazopigwa picha. Kontena likitoka melini kwa haraka na kungoja yadini wiki nzima, mfanyabiashara wa Kongo hajaokoa kitu.

Tathmini ya kwanza ya DP World, kwa hesabu ya mkataba, inaangukia 2028 au 2029. Mezani itahitajika kumbukumbu ya saa: meli ilipotia nanga nje, kamba ilipofungwa gatini, kontena lilipogusa yadi, lori lilipovuka geti. Mwendeshaji anayo katika mfumo wake. TPA isipokuwa na yake, iliyokusanywa na watu wake, itabaki kusoma ripoti iliyoandikwa na mpangaji kuhusu mpangaji.