Punguzo na Upungufu: Uhakiki wa Majina ya Vifaa vya Kutafutia Nyaya Zilizofichwa

Katika nyumba nyingi zijengwazo mijini siku hizi, nyaya za umeme hazionekani. Hupitishwa ndani ya mabomba ya plastiki yaliyochimbiwa ukutani, kisha ukuta hupigwa lipu na rangi, na njia ya nyaya hizo ikabaki katika kumbukumbu ya fundi peke yake. Sambamba nazo hupita kebo za simu, za mtandao na za kamera za ulinzi. Siku mwenye nyumba atakapotaka kutoboa ukuta ili aangike kabati, au ofisi itakapotaka kujua ni kebo ipi kati ya ishirini inayokwenda chumba cha masijala, ndipo kifaa cha kutafutia nyaya kinapohitajika. Na kwa kuwa si kifaa cha matumizi ya kila siku, mnunuzi aghalabu hukitafuta kwa bei iliyopunguzwa.

Makala haya hayakusudii kufundisha ufundi wa umeme. Kusudi lake ni kuihakiki lugha ambayo kwayo vifaa hivi hutangazwa, huagizwa na huelezwa kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba majina yanayotumika sasa yanataja haja ya mnunuzi, wala hayataji kazi ya kifaa. Pale ambapo jina linaahidi zaidi ya uwezo wa kifaa, punguzo la bei hugeuka kuwa upungufu wa usalama. Umeme wa majumbani ni wa volti 230 nchini Tanzania na volti 240 nchini Kenya. Kosa la msamiati katika uwanja huu haliishii kwenye alama za mtihani.

Vifaa vinne chini ya jina moja

Katika matangazo ya maduka na katika mazungumzo ya sokoni, jina lililoenea ni "kitafuta waya". Jina hili limeundwa vizuri kisarufi, nalo hueleweka mara moja. Kasoro yake ni kwamba limebebeshwa vifaa vinne ambavyo havifanani kwa kanuni, kwa kazi wala kwa hatari.

Kifaa cha kwanza kina umbo la kalamu. Hukaribishwa kwenye waya bila kuigusa shaba yake, na kikiuhisi uga wa umeme wa mkondo geu, yaani ule unaobadili mwelekeo wake mara nyingi kila sekunde, huwaka taa au hutoa mlio. Wengine hukiita "kipima umeme". Jina hilo halifai. Kitenzi kupima katika Kiswahili hudai kiasi: mizani hupima uzito na kipimajoto hupima joto, nasi husoma tarakimu. Kalamu hii haitoi tarakimu yoyote. Kazi yake ni kuhisi tu.

Kifaa cha pili hutelezeshwa juu ya ukuta ili kugundua metali iliyofichwa. Hiki kimepewa jina la "kigunduzi cha chuma", ilhali waya wa umeme ni wa shaba, na shaba si chuma. Neno metali lipo, nalo limezoeleka katika vitabu vya sayansi vya shule. Hakuna sababu ya kuliacha. Zaidi ya hayo, kifaa cha aina hii aghalabu hakiwezi kumwambia mtumiaji kama alichokigundua ni waya, bomba la maji au nondo. Katika nguzo ya zege iliyojaa nondo, kitalia kila mahali. Tena baadhi ya vifaa vya kundi hili vilibuniwa kwa ajili ya nyumba za Marekani, ambazo kuta zake nyingi ni miimo ya mbao iliyofunikwa kwa bodi za jasi, na kazi yake kubwa ni kuitafuta miimo hiyo. Mtafsiri anayeandika "tafuta nguzo iliyo ukutani" amelitafsiri neno, lakini hakumsaidia msomaji ambaye ukuta wake ni wa matofali ya saruji usio na mwimo hata mmoja.

Kifaa cha tatu ni jozi. Sehemu moja hufungwa kwenye ncha ya kebo na kupeleka ishara ndani yake. Sehemu ya pili hushikwa mkononi, hupitishwa ukutani au kwenye fungu la kebo, na kulia inapoikaribia kebo yenye ishara ile. Hiki ndicho kinachofuata njia ya kebo tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini aina inayouzwa kwa ajili ya simu na mtandao haikutengenezwa ili ifungwe kwenye nyaya zenye umeme wa nyumba. Kufanya hivyo ni kukiharibu kifaa na kumhatarisha mtu. Zipo aina nyingine zilizoundwa kwa kazi hiyo, nazo kwa kawaida ni ghali zaidi. "Kitafuta waya" hakisemi lolote kuhusu tofauti hii.

Kifaa cha nne hukagua kebo ya mtandao. Kebo hiyo ina nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne, na kifaa huonyesha kama kila waya umefika upande wa pili na kama mpangilio wake ni sahihi. Hakionyeshi kebo imepita wapi. Anayekinunua ili atafute njia ya kebo ukutani atarudi nyumbani na kifaa kizima, chenye bei nzuri, kisichofaa kwa haja yake.

Tatizo hili huwa kubwa zaidi katika ofisi za umma. Karani wa ugavi akiandika katika fomu "kitafuta waya, kimoja", mzabuni ana haki ya kuleta chochote kati ya hivi vinne, naye kwa kawaida ataleta cha bei ya chini kabisa. Hakuna aliyedanganya, maana kila mmoja ametimiza matakwa ya neno lililoandikwa.

Maana ya kimya

Kosa la hatari kuliko yote halimo katika majina, bali katika maelezo ya matumizi. Maelezo yaliyofasiriwa kwa haraka husema kwamba taa ya kalamu isipowaka, "waya hauna umeme". Sentensi hiyo si kweli. Taa isipowaka, lililo hakika ni moja tu: kifaa hakikuhisi umeme. Yamkini betri imekwisha. Yamkini waya umo ndani ya bomba la chuma au kebo imevishwa ganda la metali linaloziba uga wa umeme. Yamkini umeme uliopo ni wa mkondo mnyoofu, ambao kalamu hizi haziuhisi. Jambo hili la mwisho limepata uzito zaidi tangu mwaka 2003, kilipopitishwa kiwango cha kupeleka umeme wa mkondo mnyoofu wa takriban volti 48 katika kebo ya mtandao ile ile ibebayo taarifa. Kamera nyingi na simu nyingi za ofisini hutumia utaratibu huo.

Kiswahili kina uwezo kamili wa kutenganisha mambo haya mawili. "Umeme haupo" ni hukumu juu ya waya. "Umeme haukuhisiwa" ni taarifa juu ya kifaa. Mfasiri anayechagua la kwanza kwa sababu ni fupi amemhakikishia fundi jambo ambalo mtengenezaji mwenyewe hakulihakikisha. Kanuni ya mafundi yafaa iandikwe wazi katika kila karatasi ya maelezo: zima umeme kwenye swichi kuu, jaribu kifaa kwenye waya mwingine unaojulikana kuwa una umeme, kitumie kwenye waya unaoushughulikia, kisha kijaribu tena pale pa kwanza.

Hapo hapo tuwaonye wafasiri juu ya "waya hai" na "waya mfu". Misemo hii imechukuliwa kutoka Kiingereza neno kwa neno. Waya haupumui. Msemo "waya wenye umeme" unaeleweka kwa mtoto na kwa mzee, na unaonya vizuri zaidi.

Punguzo, nafuu na rahisi

Msamiati wa bei nao unastahili kuhakikiwa. Neno rahisi lina maana mbili: lisilo gumu, na lenye bei ndogo. Tangazo lisemalo "kitafuta waya rahisi" limeziunganisha maana hizo kwa manufaa ya muuzaji, na msomaji hawezi kujua kama anaahidiwa wepesi wa kazi au udogo wa bei. Neno nafuu, ambalo pia hutumika kwa mgonjwa anayeanza kupona, humpa mnunuzi hisia ya kupunguziwa mzigo hata kama bei haikuguswa. Ama "Ijumaa Nyeusi" ya matangazo ya mwezi wa Novemba, huo ni msemo wa maduka ya Marekani kwa siku inayofuata sikukuu yao ya shukrani. Ukifasiriwa neno kwa neno, kwetu unasikika kama tangazo la msiba, tena katika siku ambayo wengi wa wasemaji wa Kiswahili huiheshimu kwa ibada. "Punguzo la Novemba" lingetosha.

Neno sahihi ni punguzo, lakini lina masharti yake. Hakuna kupunguza pasipo kiwango cha kwanza. Kwa hiyo tangazo lisilotaja bei ya awali halijatangaza punguzo, limetaja bei tu. Tena punguzo ni la bei, si la kifaa. Jozi ya kufuatilia kebo inayouzwa bila sehemu ya kupelekea ishara, au bila nyaya zake za kuunganishia, haina punguzo: ina upungufu. Maneno hayo mawili yametoka katika shina moja, na mnunuzi mwangalifu huuliza ni lipi analouziwa.

Punguzo la haki hupatikana. Duka linapoondoa toleo la zamani ili kupokea jipya, kifaa kile kile huuzwa kwa bei ndogo bila kupungukiwa na kitu. Mafundi wanaweza kununua jozi moja kwa ushirika na kuitumia kwa zamu, kwani haihitajiki kila siku. Kifaa kilichotumika nacho si kibaya, mradi kijaribiwe mbele ya mnunuzi. Katika hali zote hizo, alama ya kutafutwa kwenye vifaa vinavyotumika katika umeme wa nyumba ni herufi CAT zikifuatwa na tarakimu ya Kirumi na idadi ya volti. II ni kwa vyombo vinavyochomekwa kwenye soketi. III ni kwa nyaya za jengo lenyewe pamoja na ubao wa swichi. IV ni kwa mahali umeme unapoingilia, kama vile kwenye mita. Wafasiri wengi huiruka alama hii. Tunapendekeza iitwe "daraja la usalama wa kipimo", na isiachwe kamwe nje ya tafsiri.

Mapendekezo

Tukifuata kanuni kwamba jina litaje kitendo cha kifaa na kitu kinachotendwa, majina manne yanafaa:

(a) kihisi umeme, kwa kalamu inayohisi bila kugusa;
(b) kigunduzi metali, kwa kifaa cha kupitishwa ukutani;
(c) kifuatilia kebo, kwa jozi, na sehemu zake ziitwe kituma ishara na kipokea ishara; pia itajwe kila mara kama ni cha kebo isiyo na umeme au cha waya wenye umeme;
(d) kikagua kebo, kwa kifaa cha kuchunguza nyaya nane na mpangilio wake.

Neno kipima libaki kwa vifaa vinavyotoa tarakimu. Testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ambayo mafundi wameizoea kwa miaka mingi, ibaki na jina lake, maana limekwisha kuota mizizi na halimpotoshi mtu.

Pingamizi moja yafaa ijibiwe. Huenda ikasemwa kwamba soko halingoji kamati za istilahi, na kwamba muuzaji ataendelea kusema "kitafuta waya". Ni kweli, wala hatuombi neno hilo lifutwe midomoni mwa watu. Linafaa kuwa jina la jumla la jamii nzima ya vifaa hivi, kama vile chombo kilivyo kwa sufuria na sahani. Lakini fomu ya zabuni, kitabu cha chuo cha ufundi na karatasi ya maelezo haviwezi kuridhika na jina la jumla, kwa sababu mtu atanyoosha mkono wake kwa kuliamini neno lililoandikwa humo.

Walimu wa vyuo vya ufundi, wafasiri na maofisa ugavi wanaombwa kuyajaribu majina haya katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa pale watakapoona kwamba mafundi wana neno bora zaidi.