Taa ya Barazani: Halloween Ikitazamwa Kutoka Diepsloot

Wahakiki hupenda kuieleza nguvu ya Halloween (1978) kwa uchache wa fedha zake. John Carpenter aliitengeneza kwa takriban dola 325,000. Barakoa ya muuaji ilikuwa sura ya Kapteni Kirk, ya bei ya chini kabisa, iliyopakwa rangi nyeupe. Muziki aliutunga mwenyewe. Maelezo hayo hayatoshi. Filamu za bei rahisi ni nyingi, na nyingi zimesahauliwa.

Kinachodumu ni tukio la sekunde chache. Laurie, akikimbizwa, anagonga mlango wa jirani huku akipiga mayowe. Taa ya barazani inawaka, mtu anachungulia, taa inazimwa. Baraza, ambapo Mswahili humpokea mgeni, inamkana aliye hatarini. Atakayemfungulia hatimaye, katika nyumba nyingine, ni mtoto.

Huko Diepsloot, kaskazini mwa Johannesburg, tukio hilo linapinduka. Usiku wa tarehe 6 Aprili 2022 kundi la watu lilipita nyumba kwa nyumba likidai pasipoti. Mhamiaji kutoka Zimbabwe aliuawa na kuchomwa moto. Hapo anayegonga ndiye mwindaji, na kwa aliye ndani kuzima taa ni kujificha. Michael Myers hasemi neno. Wagongaji wa Diepsloot walikuwa na swali.

Waigaji wengi wa Carpenter walimtoa muuaji porini au mbali. Yeye alimfanya Myers kuwa mzaliwa wa Haddonfield. Nyumba anayoirudia ni ya wazazi wake.