Utani, Kejeli na Amri ya Nane

Katika mijadala ya siasa ya siku hizi, hasa ile iendeshwayo kwa njia ya intaneti, hoja moja hurudiwa kila mara mtu anapoonywa kwa kulidhihaki kabila la mwenzake: kwamba huo ni utani tu, na utani ni desturi yetu. Hoja hii yafaa ipimwe, maana inaegemea jambo jema ili kutetea jambo baya.

Ni kweli kwamba utani ni urithi wetu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi hukumbusha safari za misafara baina ya bara na pwani. Lakini utani huo una masharti. Kwanza, watani hukutana ana kwa ana. Pili, anayetania hana budi kukubali kutaniwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, mtani ana wajibu: msiba unapotokea yeye hufika, hushiriki kazi za mazishi, na mzaha wake huwaliwaza wafiwa. Mzaha huo ni halali kwa sababu umo ndani ya agano.

Dhihaka ya kisiasa haina hata sharti moja kati ya hayo. Anayechekwa hayupo, au akijibu huambiwa hajui mzaha. Tena kusudi lake si kupatanisha, bali kuonyesha kwamba kabila fulani halifai kutawala. Nchini Kenya, Aprili 2022, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano iliorodhesha maneno ya kuepukwa katika kampeni, yakiwamo "madoadoa" na "kwekwe". Ni maneno ya kawaida ya nyumbani na shambani. Lakini doa hufutwa, na kwekwe hung'olewa. Amwitaye jirani yake hivyo amekwisha kutaja atakalotendewa. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwavuta wasikilizaji kwa muziki na mizaha. Mwaka 1994 ikachochea mauaji ya kimbari. Waanzilishi wake wawili walitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa huko Arusha, Desemba 2003.

Maandiko yanalijua jambo hili. Katika Waamuzi 12, Waefraimu wanawabeza Wagileadi kuwa ni watoro tu. Vita vinazuka, na penye vivuko vya Yordani matamshi ya neno moja, "Shibolethi", yanatosha kumtambulisha mtu wa kuuawa. Walianguka 42,000. Waliotangulia kubeza ndio waliochinjwa kwa sababu ya lafudhi yao.

Sisi Walutheri hatuna nafasi ya kujisifu hapa. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anaifafanua Amri ya Nane kwa kututaka tumtetee jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Hata hivyo, mwaka 1543 aliandika dhidi ya Wayahudi kwa matusi makali, na Wanazi wakayatumia maandishi hayo. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Marekani liliyakataa rasmi. Hivyo mwalimu mwenyewe alipimwa kwa katekisimo yake.

Hatusemi kwamba kiongozi asikosolewe, wala kwamba kicheko ni dhambi. Kiongozi na akosolewe kwa matendo yake, si kwa kabila la mama yake. Basi mchungaji asiridhike na kukemea ukabila kwa jumla tu. Na amwulize msemaji: Je, ungeyasema haya mbele ya huyo unayemcheka? Ungempa nafasi sawa ya kukujibu? Na akifiwa, ungekwenda kumsaidia kuchimba kaburi? Ikiwa jibu ni la, huo si utani. Ni ushuhuda wa uongo dhidi ya jirani, na wapaswa kutubiwa kama dhambi nyingine yoyote.