Kufeli mtihani si kutenda feli

NIKIWA Munje, Msambweni, hivi majuzi, nilimsikia mwalimu mmoja akiwaeleza wanafunzi wake kuwa kitenzi 'feli' kimetokana na nomino 'feli', yaani kitendo kiovu. "Ndiyo maana mtu akifeli huona haya," akasema. Ni maelezo matamu, ila si sahihi.

Tuanze na nomino. Feli, wingi mafeli, asili yake ni neno la Kiarabu fi'l, lenye maana ya tendo. Katika sarufi ya Kiarabu, hiyo ndiyo hasa istilahi ya kitenzi. Lilipohamia Kiswahili, maana ilielemea matendo mabaya. Ndiposa twasema mafeli ya mtu yamemponza.

Kitenzi 'feli' kimepitia njia nyingine. Kimetoholewa kutoka kwa 'fail' ya Kiingereza. Waingereza nao walikopa Kifaransa cha kale, faillir, ambacho kilitokana na Kilatini, fallere: kuhadaa. Kutoka kuhadaa, maana ilisogea hadi kukosekana panapotarajiwa, kisha kutofaulu. Breki zikifeli, hazijatenda dhambi. Zimekosa kufanya kazi zilipohitajika.

Je, umbo laweza kutuamulia? Halitoshi. Kitenzi cha Kibantu 'anguka' hugeuka kikikanushwa: haanguki. 'Feli' hakigeuki: anafeli, hafeli. Lakini 'fikiri', chenye asili ya Kiarabu, nacho ni vivyo hivyo. Umbo latwambia tu kwamba huyu ni mgeni. Maana ndiyo itwambiayo katoka wapi. Kufeli mtihani na kufeli kwa breki ni matumizi ya 'fail' moja kwa moja.

Mgeni huyu simfukuzi, ila asipewe kila kiti. "Waziri alifeli kufika" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Waziri hakufika, au alishindwa kufika. Hata mtihani, wazee wetu walisema mtu ameuanguka.

Kosa la mwalimu yule si dogo. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na katika mtaala wa sasa mwanafunzi huambiwa anakaribia matarajio, au yuko mbali nayo. Ikiwa mtaala wenyewe umeliepuka neno 'kufeli', kwa nini sisi tulitwike na uovu juu yake? Mtoto aliyekosa alama ana somo la kurudia. Hana feli ya kutubia.